Tuichore Filamu Kabla ya Kushika Kamera



Nimeombwa nieleze kwa nini juma zima vijana wamekaa na penseli wakati kamera tuliyoazimwa imefungiwa kabatini. Wengine wameanza kunung'unika. Mwaka jana tulianza bila michoro. Jua lilipozama betri ilikuwa imekwisha. Tulikuwa na picha nyingi za watu wakicheka mbele ya kamera, lakini mwisho wa hadithi hatukuwa nao.

Storibodi ni visanduku vilivyopangwa kwenye karatasi. Kila kisanduku ni picha moja ambayo kamera itaiona. Chini yake huandikwa nani anasema nini, na kamera isimame mbali au karibu. Mshale huonyesha mtu anakoelekea, na mshale huo msiudharau. Mama akitembea kwenda kulia katika picha ya kwanza, kisha mpiga picha akavuka upande wa pili wa njia, ataonekana anakwenda kushoto. Mtazamaji atadhani amegeuka kurudi nyumbani. Kwetu sisi hilo si kosa dogo!

Satyajit Ray wa Calcutta, India, alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo. Filamu yake ya kwanza, Pather Panchali, hakuiandikia mwongozo kamili. Aliibeba ndani ya daftari la michoro, akawaonyesha wenye fedha, nao wakakataa. Alianza mwaka 1952, akipiga picha siku zisizo za kazi, na filamu ikatoka mwaka 1955. Michoro haizuii kila balaa, maana waliporudi Jumapili ya pili walikuta ng'ombe wamekula maua ya konde walilokuwa wakilipiga picha. Ikabidi wangoje msimu mwingine.

Sisi si wachoraji kama yeye. Watu wa vijiti wanatosha.

Lakini kwangu sababu kubwa ni nyingine. Filamu yetu inahusu wasichana wanaokwenda kutafuta kuni. Juzi tuliwaonyesha akina mama michoro. Mmoja akaweka kidole juu ya kisanduku cha saba, palipochorwa uso wa msichana kwa karibu.

"Mwalimu, akionekana hivi, wale wanaovizia njiani watamjua."

Hakuna aliyebishana naye. Kijana aliyechora akachukua kifutio. Sasa kisanduku hicho kina mzigo wa kuni na miguu miwili, vikionekana kutoka nyuma. Je, kama uso ule ungekwisha kuonyeshwa uwanjani usiku, mbele ya kambi nzima, kifutio tungekitoa wapi?

Michoro imebandikwa ukutani katika darasa la tano, nayo itakaa hapo mpaka Ijumaa jioni. Anayeona kisanduku kisichofaa aje aseme, hata kama hajui kusoma, maana ni picha tu. Kamera itatoka kabatini Jumamosi asubuhi.