Nani Alileta Ukungu?

Nilipangiwa kuzungumzia pumu ya utotoni. Mniwie radhi, nitashughulika zaidi na kauli moja inayonikera, kwamba ukungu ukutani ni tabia ya mpangaji. Anapika ndani, anaanika nguo chumbani, hafungui madirisha. Mtoto akikohoa, ajilaumu.

Kwamba unyevu na ukungu huandamana na kikohozi, kifua kubana na pumu kuzidi, sitawachosha kwa hilo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unatosha. Ninachouliza ni nani aliyeuleta ukungu huo.

Kauli hiyo ya kumlaumu mpangaji ilifika mwisho wake Rochdale, kaskazini mwa Uingereza. Awaab Ishak, mtoto wa wazazi waliotoka Sudan, alifariki Desemba 2020, siku 8 baada ya kutimiza miaka 2. Baba yake alianza kulalamika mwaka 2017. Akaambiwa apake rangi juu ya ukungu. Wasimamizi wa nyumba wakadhani kasoro ni namna familia inavyoishi na inavyooga. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba mtoto aliuawa na maradhi ya njia ya hewa yaliyotokana na kuishi muda mrefu ndani ya ukungu, katika nyumba isiyopitisha hewa ya kutosha. Leo Uingereza ina Sheria ya Awaab.

Nakubali, mvuke wa sufuria ni maji, na maji hutafuta ukuta wa kutulia. Lakini nyumba isiyostahimili watu kupika na kuoga ilijengewa nani?

Wanafunzi wangu hucheka nikifika kwenye chanzo nikipendacho, Walawi sura ya 14. Mwenye nyumba akiona michirizi ya kijani au nyekundu iliyozama ukutani, huenda mwenyewe kwa kuhani. Kuhani huagiza vyombo vitolewe kabla hajaingia, asije akavitangaza najisi pamoja na nyumba. Tazameni huruma hiyo ya kumwachia mtu godoro lake! Kisha nyumba hufungwa siku 7. Doa likienea, mawe yenye doa hung'olewa na kutupwa nje ya mji, kuta hukwanguliwa zote, huwekwa mawe mengine na udongo mwingine. Likirudi tena, nyumba hubomolewa. Wataalamu wa maandiko hubishana kama doa lile ni ukungu kweli, nami siwaingilii. Ila kuhani hamwulizi mtu amepika nini, wala haagizi rangi.

Cleveland, Marekani, walifanya kitu cha jinsi hiyo bila kuhani. Watoto 62 wenye pumu, wanaoishi katika nyumba zenye ukungu, waligawanywa. Familia zote zilifundishwa kuidhibiti pumu, lakini nyumba za watoto 29 zilitengenezwa pale maji yanapoingilia. Baada ya matengenezo, katika hao 29 alizidiwa mmoja. Katika 33 waliobaki, 11. Utafiti mdogo, wa 2006, lakini hakuna aliyefundishwa kuoga upya.

Nami nina kesi yangu. Tulipanga chumba cha chini Mji Mkongwe, Unguja. Kila masika mama alitoa mashati yetu ya shule kabatini yana kawa, vidoadoa vyeusi visivyotoka hata kwa jiki. Mwenye nyumba alikwangua chokaa, akapiga plasta ya saruji, akajisifu. Ukuta ukaanza kutoa jasho. Mdogo wangu alilala amekaa, kifua kinapiga mluzi, na mama akalaumiwa kwa jiko lake la mkaa.

Kuta zile za mawe ya matumbawe hunyonya maji ardhini. Chokaa huyaachia yatoke, saruji huyafungia ndani. Wahandisi wenzangu hunionya kwamba chokaa haizibi paa linalovuja wala bomba lililopasuka. Kweli kabisa, na nyumba za matofali ya saruji zina maradhi yake. Hata hivyo nitakufa nikiamini kwamba ndoo ya chokaa ingempunguzia mdogo wangu nusu ya usiku ule.

Basi mwenye nyumba akija na kopo la rangi, kabla hajalifungua, mwambieni kwanza awaonyeshe maji yanaingilia wapi.