Picha ya Mto Nile Ukutani Kwetu: Watu Wako Wapi?

  Nimepewa dakika kumi, na kwa kuwa jambo hili limeshatugombanisha kwenye vikao viwili hapa London, nitajitahidi nisiongeze kuni kwenye moto.

Wote mnaiona ile picha ukutani. Ni zawadi ya mzee wetu wa Jinja, ambaye tunaye hapa jioni hii. Ni picha ya rangi za mafuta iliyochorwa kwa mkono, nakala ya kazi ya Mskoti David Roberts inayoonyesha kisiwa cha Philae katika mto Nile. Vijana wanasema ishushwe kwa sababu ni jicho la mkoloni. Wazee wanasema zawadi haitupwi. Mimi nakiri kwamba siku ilipoletwa nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Kisha binti mmoja akaniuliza, "Mjomba, hawa watu wadogo pale chini ni akina nani?" Nikakosa jibu. Ndiyo maana nimesimama hapa.

Kwanza tumjue mchoraji. Roberts alizaliwa mwaka 1796, mtoto wa fundi viatu, na alipata jina kwa kuchora mandhari za majukwaa ya maigizo. Mwaka 1838 alipanda Nile hadi Abu Simbel, akachora mahekalu na mto, na mwaka 1839 akarudi Uingereza. Michoro yake ikachapishwa London kati ya 1842 na 1849, baada ya fundi Louis Haghe kuihamishia kwenye mawe ya kupigia chapa. Matoleo ya bei kubwa yalipakwa rangi kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo wanaosema ubaya wa picha yetu ni kuwa si ya asili, nadhani wanakosea. Biashara hii ilikuwa ya nakala tangu mwanzo. Leo kijiji cha Dafen katika mji wa Shenzhen, China, kinajulikana dunia nzima kwa kazi hiyohiyo iliyoanza pale mwaka 1989. Na sisi tusijifanye malaika. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake, na wanafunzi wa wanafunzi wake, wamelisha familia zao Dar es Salaam kwa kurudia chui na ndege walewale. Mkono unaotafuta riziki hauna kosa.

Shida yangu ni mpangilio wa kilichomo. Hekalu ni kubwa, anga ni pana, watu ni vipimo tu vya kutuonyesha ukubwa wa nguzo. Hawana shamba, hawana nyumba, hawana shughuli. Mtaniambia, hiyo ni sanaa tu, inamuumiza nani? Hebu tuangalie yaliyotokea mahali penyewe.

Bwawa la kwanza la Aswan lilikamilika mwaka 1902, na hekalu la Philae likawa linazama sehemu kubwa ya kila mwaka. Lilipokuja Bwawa Kuu miaka ya 1960, dunia ikapiga kelele. UNESCO ikachangisha fedha, hekalu likabomolewa jiwe kwa jiwe, likajengwa upya katika kisiwa jirani cha Agilkia na kufunguliwa mwaka 1980. Kazi nzuri, siibezi. Lakini Wanubi wapatao 50,000 wa Misri walihamishwa mwaka 1963 na 1964, wakapelekwa upande wa Kom Ombo, na vijiji vyao vikabaki chini ya maji. Jiwe lilihamia kisiwa cha jirani. Mtu akapelekwa mbali na makaburi ya babu zake.

Sisemi Roberts ndiye aliyejenga bwawa. Nasema jicho hufundishwa. Ukiona kwa miaka mia moja mandhari ambayo watu wake ni mapambo, siku ya kuamua nini kiokolewe hutawaona.

Na msidhani haya ni mambo ya Misri peke yake, maana maji ni yaleyale. Mimi nimezaliwa Mwanza, kwenye ziwa ambalo Speke aliliona mwaka 1858. Mwaka 1862 alifika pale maji yanapotoka ziwani, kwao mzee wetu, akapaita Ripon, jina la bwana mmoja wa Uingereza, kana kwamba wenyeji walikuwa hawajapaita kitu. Maporomoko hayo hayapo tena. Yalifunikwa na maji bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954. Umeme tulipata, ni kweli. Lakini nani alichora wavuvi wa pale kwa majina yao?

Serengeti nayo tunaiuza kwa picha za nyika tupu. Wamasai walioishi humo waliondolewa mwaka 1959. Tangu mwaka 2022 familia kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari, wengi wao wanasema sivyo. Huu si mkutano wa kuamua kesi hiyo. Ila tukikaa hapa tukamlaumu mchoraji aliyefariki mwaka 1864, huku tunatuma kadi zenye simba na mti mmoja bila binadamu, tunamcheka nyani kwa kutokuona letu.

Sasa nirudi kwa mzee wangu, kwa ruhusa yake. Nilimwuliza kwa nini alinunua picha hii. Akanijibu kwamba alitaka mto wa kwao. Alitafuta picha ya Nile kwenye intaneti, akaletewa Misri na magofu. Ya Jinja aliyoitaka, yenye mitumbwi na mama zake wakikausha samaki, hakuipata. Ndugu zangu, jibu hilo lilinichoma kuliko hoja zote za vikaoni. Mzee hakuchagua jicho la mkoloni. Alinunua kilichokuwa sokoni.

Napendekeza mambo matatu. Picha ibaki. Chini yake tuweke maelezo kwa Kiswahili, tueleze hekalu lilikwenda wapi na Wanubi walipelekwa wapi. Na tuchange, kila mmoja alichojaliwa, tumlipe mchoraji wa kwetu, awe hapa au nyumbani, atuchoree Jinja kama mzee atakavyomsimulia, na majina ya watu yaandikwe nyuma ya turubai. Itundikwe kando ya hiyo, zitazamane.

Binti aliyeniuliza swali namwomba ndiye aandike yale maelezo. Mimi nitatoa mchango wa kwanza leo, kabla hatujaondoka.