Wakuu wa Zimamoto na Chama Chao

Fungueni madaftari yenu. Kabla sijaanza, namwomba mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno matatu: chama, mkataba, kiungo. Leo mtayasikia kwa masikio, na kesho mtayasoma wenyewe katika karatasi hii.

Nataka kuwaeleza habari za chama cha wakuu wa zimamoto katika jimbo la Florida, huko Marekani. Najua yuko mmoja nyuma ya darasa anayejiuliza, "Mkubwa wa kazi ana haja gani ya chama? Chama ni cha wadogo, wapate kusema na mkubwa." Swali hilo ni zuri, na jibu lake ndilo somo letu.

Kwanza tuelewe jinsi kazi yao ilivyopangwa. Hapa Tanzania Bara tuna Jeshi moja la Zimamoto na Uokoaji, na amri hutoka juu ikashuka mpaka mkoani. Marekani sivyo. Kule miji mingi ina vikosi vyake, na wilaya nyingi nazo zina vikosi vyao. Kila kikosi kina mkuu wake, magari yake, fedha zake na desturi zake. Kwa Kiingereza mkuu huyo huitwa chifu. Lakini msidhani ana kigoda na mgolole. Ni mtu wa kazi aliyeanza kwa kushika mpira wa maji, akapanda cheo. Mkuu wa mji huu hawezi kumwamrisha mkuu wa mji wa pili, hata kama miji yao imetenganishwa na barabara tu. Florida ina wilaya 67. Hesabuni wenyewe ni wakuu wangapi wasio na mkubwa mmoja.

Siku za kawaida jambo hili halina taabu. Jiko likiwaka, kikosi cha pale pale huja kikazima. Taabu huja siku ya msiba mkubwa.

Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 24 Agosti 1992, tufani iliyopewa jina Andrew iliingia kusini ya mji wa Miami. Ilipiga hasa mji wa Homestead na vitongoji vyake. Katika wilaya ile peke yake nyumba zaidi ya 25,000 zilivunjika kabisa, na nyingine nyingi sana ziliharibika. Upepo uling'oa hata vibao vya majina ya barabara. Fikirini, basi: mzima moto anatoka mji wa mbali, ana gari zuri na moyo wa kusaidia, lakini hajui barabara anayoitiwa ni ipi, maana kibao hakipo na nyumba ya alama imelala chini.

Siku tatu zikapita. Mkuu wa shughuli za dharura wa wilaya ile, Bibi Kate Hale, akasimama mbele ya waandishi wa habari akauliza kwa uchungu wako wapi wasaidizi waliotazamiwa. Maneno yake yakasikika nchi nzima. Si kwamba watu hawakutaka kusaidia. Kulikuwa na vikosi vyenye nia, lakini nia haijui njia. Nani aende? Aende na gari la namna gani? Akifika, apige hodi kwa nani? Atakula nini mahali ambapo wenyeji wenyewe hawana chakula?

Baada ya msiba ule ndipo chama cha wakuu wa zimamoto wa Florida kilipofanya kazi ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote zake. Wakuu walikaa pamoja wakatunga mpango wa jimbo zima wa kusaidiana wakati wa maafa. Angalieni jambo hili: chama si serikali. Hakina askari wala hakina amri. Kina wanachama tu, yaani wakuu na wasaidizi wao, wanaolipa ada na kukutana. Lakini mtu akishakaa meza moja na mwenziwe akalijua jina lake, usiku wa tufani akimpigia simu hapigi kwa mgeni.

Mpango wenyewe ni hivi. Vikosi hueleza mapema vina nini: magari mangapi, ya namna gani, watu wangapi. Jimbo limegawanywa katika sehemu, na kila sehemu ina mtu wa kupokea maombi. Wilaya iliyopigwa haipigi simu hamsini. Huomba mahali pamoja. Nao wasaidizi hawaji mmoja mmoja kama siafu waliotawanyika. Huja kwa makundi. Kundi moja maarufu lina magari matano ya namna moja, kiongozi mmoja, na redio zinazosikilizana. Huja na chakula chao, maji yao na mahali pa kulala, ili wasiwe mzigo juu ya mwenye msiba.

Hapo kulikuwa na hofu moja, na ni hofu ya haki. Mkuu wa zimamoto ameajiriwa na mji wake. Akipeleka magari yake mbali, na usiku ule ule soko la mji wake likaungua, atawaambia nini watu waliomwajiri? Dawa yake ni kuchukua kidogo kidogo kutoka mahali pengi, asibaki mtu mikono mitupu. Na juu ya gharama, kuna mkataba. Mkataba ni mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi. Wilaya na miji hupatana mapema nani atalipa mafuta na mishahara, kwa maana kudaiana wakati maiti hazijazikwa ni jambo baya.

Kati ya Agosti na Septemba 2004 tufani nne zilipiga Florida moja baada ya nyingine. Mwaka 2005 tufani Katrina ilipovunja pwani ya jimbo la Mississippi, watu wa Florida walivuka mpaka wakaenda kusaidia. Miaka kumi na mitatu nyuma wao ndio waliokuwa wakingoja msaada.

Sasa neno la tatu ubaoni: kiungo. Mpira wa kuzimia moto una kiungo mwishoni, mara nyingi chenye hesi kama za parafujo. Hicho hufungwa katika bomba la maji la barabarani. Hesi zisipolingana, maji hayapiti.

Mwaka 1871 mji wa Chicago uliungua. Mkuu wa zimamoto wa Boston, John Damrell, akaenda kutazama, akarudi na kuwaomba wakubwa wa mji wake mabomba makubwa zaidi ya maji. Hakusikilizwa. Tarehe 9 Novemba 1872 moto ukashika Boston. Farasi wa kuvuta pampu walikuwa wagonjwa, ikabidi watu wazivute kwa kamba. Nyumba 776 ziliteketea. Wasaidizi walifika kutoka miji mingine, na wako waliokuta viungo vyao haviingii katika mabomba ya Boston. Mwaka uliofuata, 1873, wakuu kutoka miji mbalimbali wakakutana Baltimore, wakaunda chama cha nchi nzima, na Damrell akawa rais wake wa kwanza. Jambo la viungo walilizungumza pale pale.

Walizungumza, lakini miji haikuitika. Mwezi wa Februari 1904 Baltimore yenyewe ikaungua kwa muda wa saa 30 hivi, nyumba zaidi ya 1,500. Pampu zikaja kwa gari moshi kutoka Washington, Philadelphia na New York. Wengi wakasimama kando ya mabomba yenye maji, mipira mkononi, viungo haviingii! Mwaka 1905 ndipo kipimo kimoja cha viungo kilipokubaliwa kwa nchi nzima. Na hata hivyo, mwaka 1991, moto ulipoua watu 25 katika vilima vya Oakland, California, mabomba ya pale yalikuwa bado na kipimo chao peke yao.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Chama huweza kusema kweli kwa miaka thelathini na mji usibadili kiungo kimoja, kwa sababu kubadili ni gharama, na chama hakiamrishi. Kazi yake ni kusema, kufundisha, kwenda kwa watunga sheria, na kusema tena.

Sasa kazi ya darasa. Kila mmoja aandike sentensi moja yenye neno chama na moja yenye neno mkataba. Kisha zungumzeni: katika kijiji au mtaa wenu, moto ukiwaka usiku, ndoo ziko kwa nani, na maji yaliyo karibu yako wapi? Andikeni majibu, mwalimu ayasahihishe herufi. Wa Bara, andikeni pia nambari ya simu ya Zimamoto, 114, mahali ambapo hata mtoto ataiona.

Kwa herini mpaka juma lijalo.