"Gosh", "Damn" na "Haki ya Nani"



Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu mlioketi huko nyuma, mada niliyopewa yaonekana ndogo. Tunafunga, tunasali tarawehe, halafu njiani kurudi nyumbani mtu ajikwaa kidogo, utasikia "Damn!" Mwenzake amjibu, "Jeez, pole." Ukiwauliza watakwambia, ah, hicho ni Kiingereza tu, si matusi. Basi leo tuyafungue haya maneno tuone ndani mna nini.

"Damn" maana yake hasa ni kulaani, kumhukumu mtu aende motoni. Wenye lugha yao walijua uzito wake, ndiyo wakatafuta njia ya kulikwepa. Huko Marekani likageuzwa likawa "darn". "Hell", yaani Jahanamu, ikawa "heck". "God" ikawa "gosh" na "golly". Jina la Jesus likakatwa, zikabaki "gee" na "jeez". Manake ni hivi: mtu ataka kuapa, na katika Amri Kumi amekatazwa kulitaja jina la Mungu bure, basi alitaja nusu, nusu ailamba.

Kuna mengine hata wao wenyewe wameyasahau. "Blimey" la watu wa London lilikuwa ni mtu kujiombea Mungu amtie upofu! "Drat" ni kuomba Mungu akiozeshe kitu. Na zama za Shakespeare waliapa kwa "zounds", yaani majeraha ya Mungu, wakimkusudia Yesu msalabani kwa itikadi yao. Mwaka 1606, enzi za Mfalme James wa Kwanza, ilipitishwa sheria Uingereza kwamba mchezaji wa jukwaani akilitaja jina la Mungu au la Yesu kwa mzaha, atozwe faini ya pauni 10. Siku hizo hizo zilikuwa pesa kweli kweli. Tamthilia ya Othello ilipochapishwa mwaka 1622 "zounds" zimo. Katika chapa ya 1623 zimeondolewa.

Halafu kuna "bloody". Mwaka 1914 lilitamkwa jukwaani London katika tamthilia ya Bernard Shaw, Pygmalion, na magazeti yakawaka moto. Leo Waingereza wengi hawashtuki. Lakini wewe uliyelitoa kwenye filamu hujui ni nani atakayeshtuka. Ukilisema mbele ya watu wanaokuhoji kazi, hawatakugombeza. Watakushukuru vizuri, watakufungulia mlango, na simu haitalia.

Sasa, je, ni haramu? Mimi si mufti, na sitasimama hapa kuwaambia kwamba kila aliyesema "gosh" saumu yake imekwenda. Asemaye "heck" hajui hata limetoka wapi. Lakini "jeez" mimi nasema tuliache. Huyo ni Nabii Isa, na sisi tukimtaja twasema alayhis salaam. Vipi jina lake liwe la kutamka ukidondosha simu? Na jirani yako Mkristo naye akusikia.

Msicheke sana Wazungu lakini. "Haki ya nani" ni nini? Si "haki ya Mungu" iliyofichwa uso? Ni mchezo ule ule wa "gosh", ila huu wetu wenyewe. Na "haki ya mama" ndiyo nzito zaidi, kwa sababu Mtume (s.a.w.) amekataza kuapa kwa wazazi, mwenye kuapa aape kwa Allah au anyamaze. Sasa wengine wakisikia hivyo wakimbilia "wallahi" kila sentensi: wallahi nimeshiba, wallahi matatu imejaa. Kiapo kinachoponyoka ulimini bila kukusudia, Qur'ani yasema Mwenyezi Mungu hatushiki kwacho. Ama ukikusudia kisha ukakivunja, kuna kafara: kulisha maskini kumi au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Kijana anayeuza simu kwa "wallahi" kumi kwa siku, na nusu yake si kweli, huyo namhofia kuliko mwenye kusema "darn".

Dada mmoja ameniletea karatasi hapa. Mdogo wake ana miaka sita, na "oh my God" ameipata kwenye katuni, aisema mchana kutwa. Afanye nini? Usimpige, dada yangu. Mtoto akishtuka lazima aseme kitu, na ukimnyang'anya neno bila kumpa jingine atakwenda kuokota baya zaidi. Mpe "Lo!" Mpe "Salaale!" Akiona jambo la ajabu, mpe "Subhanallah". Na nyinyi wakubwa mseme mbele yake, maana hiyo katuni mwaiangalia pamoja.

Naona mwadhini ananitazama. Maswali mengine tutayachukua baada ya futari, inshaallah.

Wassalaam alaykum.