Kuchora Wanyama kwa Maumbo Mepesi
(Maneno ya walimu wa watoto wadogo, Siku ya Mtoto wa Afrika, kambi ya Gorom, Juba)



Siku hii ya 16 Juni iliwekwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1991, kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 walipokataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Sisi tumepewa dakika chache, nasi tumechagua jambo ambalo baadhi ya wazazi huliita mchezo.

Wapo wanaotuuliza: "Mwalimu, mwanangu amekuja kusoma au kuchora kuku?" Tunawajibu kuwa kazi ni moja. Mkono unaozungusha duara la kuku ndio utakaoandika a, o na d. Ila mkono huo una wakati wake. Kwa kawaida mtoto huweza kuiga duara afikapo miaka 3, mraba miaka 4, na pembetatu karibu na miaka 5. Ukimshurutisha wa miaka 3 achore pembetatu, atalia, na kesho hatataka kuja.

Kwa hiyo tunaanza na duara. Duara kubwa, duara dogo, mdomo, vijiti viwili vya miguu: kuku huyo. Duara moja lenye miguu minne mifupi na kichwa kinachochungulia ni kobe. Wakubwa kidogo huchora mstatili ukawa mwili wa mbuzi au ng'ombe, na pembetatu ikawa kichwa. Pembe ni mwezi mchanga, maana ng'ombe wa Wamundari kule Terekeka, kaskazini mwa Juba, wana pembe ndefu zilizopinda, na ng'ombe asiye na pembe nchi hii hakubaliki hata kwa mtoto! Ngamia ni mstatili uleule wenye kilima mgongoni. Watoto waliotoka Sudan baada ya vita vya Aprili 2023 humwongeza bila kuambiwa.

Karatasi zikiisha tunachora chini kwa kijiti. Mvua ikinyesha, tunafinyanga udongo, kama watoto wa wafugaji wa nchi hii wafanyavyo tangu zamani.

Ndugu zetu wa mashirika, kwa kalamu za rangi tunashukuru sana. Lakini vitabu vyenye picha zilizokwisha kuchorwa, mtoto akabakiwa na kupaka rangi tu, havimfundishi mengi. Karatasi nyeupe zingetufaa zaidi. Tena mtoto akichora bunduki mahali pa mbuzi, tusimnyang'anye karatasi, wala tusimwite mbele ya wageni aieleze. Aachwe amalize, mwalimu akae karibu naye.

Wazazi, kwenu tuna ombi. Mtoto akikuletea mstatili wenye miguu minne, usimwambie "huyu si ng'ombe". Mwulize ni wa rangi gani, analala wapi, anaitwa nani. Kisha umweleze wa babu yake alikuwaje. Wengi wa watoto hawa wamezaliwa ukimbizini. Mifugo ya kwao hawajapata kuiona, na sisi walimu hatuwezi kuwasimulia zizi tusilolijua. Rangi na pembe za ng'ombe yule mnazijua ninyi.

Njooni darasani, hata kwa nusu saa. Viti ni vichache, lakini mkeka upo.