Lori Linapogoma Ghafla: Vipimo Vitangulie Kabla ya Kushusha Giaboksi
(Mada iliyowasilishwa kwa wakazi wa kata)



Lori moja katika kata hubeba maji, taka, mahindi na mchanga wa ujenzi. Likigoma ghafla, huduma husimama, na mwenye lori hutakiwa kuamua upesi, mzigo ukiwa bado juu, kama anunue giaboksi nyingine au la. Giaboksi ya otomatiki ni kipuri cha gharama kubwa. Aliyeinunua bila sababu aweza kutumia akiba yote na lori likabaki palepale.

Malori mengi hapa nchini yaliingia yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na baadhi yamepita kilomita 300,000. Umri huo huwafanya wengi kuhukumu kwamba giaboksi imekufa. Hata hivyo, kugoma ni dalili tu, na dalili moja huweza kuzaliwa na sababu nyingi. Busara ni kuanza na kipimo chepesi kuelekea kizito.

Usalama hutangulia. Matairi yawekewe kabari na breki ya mkono ivutwe. Gia ya kuegesha isitegemewe peke yake, kwa kuwa hufunga ndani ya giaboksi. Propela au ekseli ikiwa imekatika, lori laweza kuteremka.

Hatua ya kwanza ni oili. Giaboksi hii hufanya kazi kwa shinikizo la oili. Ikipungua, klachi za ndani hazibani, injini huvuma na gari haliondoki. Oili ipimwe lori likiwa mahali tambarare, kwa utaratibu wa kitabu cha gari husika. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua huashiria klachi zilizoungua. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa huashiria maji, ambayo mara nyingi hupenya kutoka kwenye rejeta. Mabomba ya kupozea oili nayo yakaguliwe kama yanavuja.

Hatua ya pili ni kebo ya gia. Ikichomoka, mkono wa gia husogea ilhali giaboksi haipati amri.

Hatua ya tatu ni propela. Ikizunguka huku matairi yametulia, kasoro imo kwenye difu au ekseli, wala haimo kwenye giaboksi. Kipimo hiki kifanywe na fundi, lori likiwa limeinuliwa na kuegemezwa imara. Mtu asiingie chini ya gari ambalo injini yake inawaka.

Hatua ya nne ni umeme: betri, fyuzi, nyaya na sensa. Lori linaloondoka kwa uzito na kubaki katika gia moja huenda kompyuta yake imejilinda baada ya kugundua hitilafu. Misimbo ya hitilafu isomwe kabla ya kufutwa.

Mwisho, fundi apime shinikizo la oili kwa geji, kisha afungue sampu. Vumbi laini kidogo kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma ni ushahidi wa kuvunjika ndani. Vilevile, lori linalorudi nyuma vizuri lakini likakataa kwenda mbele, ilhali oili, kebo na umeme ni vizima, huelekeza kwenye klachi ya gia za mbele au vali zake. Hapo ndipo kushusha giaboksi kunapokuwa na hoja.

Lori lililogoma lisivutwe umbali mrefu matairi ya nyuma yakiwa chini kabla ya propela kufunguliwa, kwani pampu ya oili huendeshwa na injini. Injini ikizimwa, giaboksi huzunguka bila kulainishwa. Oili chafu nayo ihifadhiwe kwenye dumu, isimwagwe mtaroni wala karibu na visima.

Ndugu wananchi, mwenye lori anayo haki ya kumwuliza fundi mambo matatu kabla ya kulipa: misimbo ilisema nini, geji ilisoma kiasi gani, na ndani ya sampu kulikutwa nini. Fundi aliyepima atajibu bila kusita.