Waliomwambia Yakubu Anyamaze

(Mhadhara wa umma uliotolewa Kengeja, Pemba)

 

Nimetakiwa nizungumze juu ya kumtegemea Mungu wakati wa khofu na huzuni. Nimekubali kwa woga, kwa sababu humu ndani wamo watu ambao jambo hili wamelisoma kwa miili yao, na mimi nimelisoma zaidi vitabuni. Basi niruhusuni nianzie kwenye kazi yangu, kazi ya lugha.

Mtoto akilia twamwambia nyamaza. Mfiwa akilia twamwambia nyamaza. Na mtu akisema jambo tusilotaka kulisikia, naye pia twamwambia nyamaza. Kumfariji mtu na kumziba mdomo, kwetu ni kitenzi kimoja. Nimeishi na neno hili tangu utoto wangu bila ya kulitilia maanani, mpaka ulipotufika ule msiba wa meli.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi. Iliondoka Unguja Ijumaa usiku kuja Pemba, siku chache tu baada ya Idi, wakati watu wanarudi majumbani na watoto wanarudi skuli. Ilikuwa meli kongwe, imeundwa Ugiriki mwaka 1967, na ruhusa yake ilikuwa kuchukua watu mia sita na kitu. Walioiona bandarini usiku ule wanasema ilikuwa imelala upande hata kabla ya kung'oa nanga, na wako waliokataa kupanda. Walionusurika, baadhi yao walishika magodoro yaliyokuwa yamepakiwa kama bidhaa, wakaelea nayo mpaka asubuhi. Maiti zilizopatikana ni 203. Wapiga mbizi walikuja kutoka Afrika Kusini, wakashindwa na kina na mkondo. Mwezi Januari 2012 tume ya serikali ilipotoa ripoti yake, idadi ya waliopotea na waliokufa ilikuwa imepita 1,500.

Tazameni hesabu hiyo. Mia mbili na tatu walizikwa. Waliobaki, zaidi ya elfu moja na mia mbili, hawana kaburi. Hakuna nyumba nyingi katika kisiwa hiki ambazo hazikuguswa, ama kwa ndugu, ama kwa jirani, ama kwa mtoto aliyekuwa akikaa dawati moja na mwanao.

Mamangu mdogo alimpoteza mume katika safari ile. Mumewe alikuwa anarudi na viatu vya skuli vya mwanawe. Nilikuja kumhani, nikamkuta amekaa juu ya mkeka, wanawake wamemzunguka, na kila anayeingia anamwambia: nyamaza, subiri, ukilia sana ni kama unaikataa kadari. Nami nikamwambia hivyo hivyo. Nilikuwa na shahada tatu na sikuwa na neno jengine.

Alininyanyulia macho akaniuliza, "Mwanangu, ninyamaze kulia au ninyamaze kuuliza?"

Sikuwa na jibu. Nililala usiku ule nikiitafuta subira ndani ya Sura ya Yusuf, ambayo wafasiri wengi wanasema iliteremka katika kipindi kile kigumu cha Makka, pale Mtume alipofiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib, mwaka ambao wanahistoria wakauita Mwaka wa Huzuni. Sura hii wengi wetu hapa tumeihifadhi tangu chuoni. Naomba tuipitie tena polepole, maana nadhani tumekuwa tukiisoma mbio.

Nabii Yakubu analetewa kanzu ya mwanawe yenye damu ya uongo. Anasema kwamba lake yeye ni subira njema. Miaka inapita, anapotelewa na mtoto wa pili, anayasema maneno yale yale. Na papo hapo, katika aya inayofuata, anawapa wanawe mgongo, anamlilia Yusuf, na macho yake yanageuka meupe kwa huzuni. Mtu yule yule aliyetamka subira njema amelia mpaka akapofuka, na Qur'ani haikumlaumu. Kwa hiyo yule anayesema kwamba chozi linaondoa subira, atuoneshe Yakubu amepungukiwa na nini. Mtume wetu naye alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya watu, na mmoja katika masahaba alipostaajabu, alimjibu kwamba chozi lile ni rehema.

Sasa njooni kwenye jambo ambalo lilinikosesha usingizi. Nani waliomwambia Yakubu kwamba kumkumbuka Yusuf kutamuua? Ni wanawe. Ni wale wale waliomtia Yusuf kisimani. Waliochoshwa na kilio cha mzee ndio waliojua kilio kimetoka wapi. Na yeye hakubishana nao. Aliwaambia kwamba shakwa lake na huzuni yake anayapeleka kwa Mungu. Kisha, tazameni, hakubaki kitako. Aliwatuma waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa na rehema ya Mungu. Kulia, kushitakia kwa Mungu, na kutuma watu wakatafute: mzee huyu aliyafanya yote matatu na bado yeye ndiye mfano wetu wa subira.

Na kabla ya hapo kuna aya ambayo msafiri wa baharini anastahiki kuishika. Wanawe walipokuwa wakisafiri kwenda Misri, Yakubu aliwakataza wasiingie wote kwa mlango mmoja, waingie kwa milango mbalimbali. Na hapo hapo akasema kwamba yeye hawezi kuwakinga na lolote alilolipanga Mungu, na kwamba Kwake ndiko anakotegemea. Hadhari na tawakali zimo ndani ya aya moja. Baba hakuona kwamba kuwagawa watoto wake ni kumdhania Mungu vibaya. Mimi hushangaa tunapopakia watu juu ya watu katika chombo kibovu, kisha kikizama tukasema ni kazi ya Mungu. Kifo ni kwa kadari, hilo ni katika imani yetu na sitalitikisa. Lakini tikiti inakatwa na mtu.

Nikitoka kwenye sura niingie kwenye fiqhi, maana huko nako nimekuta huruma ambayo hatuisimulii vya kutosha. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Mamangu mdogo angeanza kuhesabu kutoka lini? Hakuna aliyemuona mumewe akifa. Mtu aliyepotea namna hii wanavyuoni humwita mafqudi, na walishughulika naye sana, kwa kuwa misafara ilikuwa ikipotea jangwani na majahazi yakipotea baharini tangu zama zao. Imamu Malik alisema mke angoje miaka minne, kisha akae eda. Imamu Shafi, ambaye ndiye tunayemfuata sisi watu wa mwambao, mwanzo alikuwa na kauli hiyo. Katika kauli yake ya baadaye akasema mke asubiri mpaka ipatikane yakini. Imamu Ahmad naye alimtenga yule aliyepotea katika hali ya salama na yule aliyepotea katika maangamizi, mfano chombo kilichovunjika. Tofauti hizi wanafunzi huzihifadhi kwa ajili ya mtihani. Mimi nilipozisoma baada ya 2011 niliona ndani yake wanaume wazima waliokaa chini, karne baada ya karne, wakijiuliza swali la mwanamke mmoja aliyekaa juu ya mkeka. Hawakumwambia anyamaze. Walimhesabia miezi na miaka, wakamwekea mlango kwa kadhi. Hata sala ya ghaibu, ambayo Mtume alimsalia Najashi wa Uhabeshi akiwa mbali naye, ni njia ya kumpa mfiwa kitu cha kufanya kwa mikono na magoti yake wakati hana mwili wa kuosha.

Nirudi kwenye lugha. Neno subira tumelipokea kutoka Kiarabu, na kule shina lake lina maana ya kufunga, kukizuia kitu kisiponyoke. Mama zangu wa mwani watanielewa kuliko wanavyuoni. Bamvua likija, maji yakikimbia mbali, mnatoka na vifungu vyenu mnainama tangu asubuhi, mnafunga shina moja moja katika kamba. Tangu bahari ilipoanza kuwa na joto, ule mwani wenye bei nzuri, kotonii, umekuwa ukioza mikononi mwenu, mkabaki na spinosamu ambao bei yake haitoshi. Mnarudi tena bamvua lijalo, mnafunga tena. Mtu anayefunga kamba kama ile hajakaa kitako kumngoja Mungu, wala hajidanganyi kwamba ukuaji wa mwani uko mkononi mwake. Nikisikia neno tawakali ndiyo sura inayonijia: mgongo umeinama, maji ya magotini, vidole vinafunga.

Iko khofu ya namna nyengine ambayo nitaitaja kwa ufupi, si kwa kuwa ni ndogo. Mwisho wa Januari 2001, tarehe 26 na 27, watu waliuawa hapa Pemba katika maandamano ya kisiasa, na zaidi ya watu 2,000 walivuka kwa vyombo kwenda Shimoni, Kenya. Muafaka wa kisiasa ulitiwa saini Oktoba mwaka ule ule. Wapo humu waliovuka, na waliobaki wakilala mabondeni. Nao pia waliambiwa wasubiri. Tangu nilipoijua vizuri habari ya Yakubu, nikisikia neno hilo linatamkwa kwanza namtazama anayelitamka amesimama wapi. Aliyepatwa akijiambia mwenyewe asubiri, hiyo ni ibada, na malipo yake hayana hesabu. Aliyeko salama akimwambia aliyepatwa, aliseme hilo akiwa amekaa naye mkeka mmoja. Na mwenye mkono katika jambo lenyewe akilisema, basi nafasi yake ni ile ya wale ndugu wa Yusuf, na waliyotakiwa wao ni kwenda kutafuta, kisha kukiri. Walikiri mwishowe, na baba yao akawaahidi kuwaombea msamaha. Lakini walikiri kwanza.

Mlango wa khofu haujafungwa. Hata mwaka haukutimia baada ya Spice Islander, Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Tangu hapo zimekuja meli nyengine. MV Mapinduzi II ilifika Desemba 2015, imeundwa kuchukua abiria 1,200, na watu walikwenda bandarini kuipokea, wengine wakilia. Mamangu mdogo hakwenda. Alikaa miaka mingi bila ya kupanda chombo chochote. Eda alikaa, khitma alisoma, mwani alifunga, mtoto alimsomesha, hapa hapa Kengeja.

Mwaka ambao mwanawe alipata nafasi ya masomo Unguja, alisema atamsindikiza yeye mwenyewe. Tulishuka Mkoani alfajiri. Alikuwa na tasbihi mkono mmoja, na mkono wa pili amemshika yule kijana, mrefu kumshinda, kama anayemvusha njia. Midomo yake ilikuwa haitulii kwa dua. Tulipofika kwenye ngazi ya chombo alisimama, foleni nzima ikasimama nyuma yetu. Kijana mmoja wa meli akamwambia kwa adabu, "Mama, pita tu, tawakali."

"Nimeshatawakali, mwanangu," alimjibu. "Wewe niambie, mmepakia wangapi?"

Yule kijana alimtazama, akatazama foleni, kisha akageuka kwenda kumuuliza mwenye orodha. Mamangu mdogo akangoja pale pale kwenye ngazi, anavuta tasbihi, mpaka aliporudi na idadi.